Kitabu cha vitendo cha watoto: ukili, manjano na sayansi iliyojificha humo

Likizo ya Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa swali moja: "Nataka kuwatengenezea watoto kitabu cha kufanya kwa mikono, kazi zetu za asili pamoja na sayansi kidogo. Naanzia wapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mwalimu wa darasa la nne, au mama aliyechoshwa na katuni za kutwa nzima, au mtu aliyeko Muscat au Columbus anayetaka mwanawe ajue bibi yake alikuwa akifanya nini na miyaa. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka. Safari hii naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hii nami nikalale.

Mfano wangu wote humu ni ukili, kwa sababu ndiyo kazi ambayo vidole vyangu vinaijua. Ukili ni ule mkanda wa chane zilizosukwa, na chane ni vipande vyembamba vilivyochanwa kutoka kwenye miyaa, yale majani makavu ya kusukia. Ukishonwa mkanda kwa mkanda unapata mkeka, msala, kikapu au kawa la kufunikia chakula. Kama uko Kyela na unawafahamu wafinyanzi wa Kikisi, au uko Buganda jirani na fundi anayegonga gome la mutuba mpaka likawa nguo, hatua ni hizi hizi. Badilisha vifaa tu.

Jambo moja lielewe mapema: kitabu hiki huandikwa mwisho. Kwanza mikono ya fundi, halafu mikono yako, halafu mikono ya watoto, ndipo kalamu. Wanaoanza na kalamu huishia na kijitabu cha historia chenye picha moja ya kupaka rangi ukurasa wa mwisho, na mtoto hukitupa chini ya kitanda siku hiyo hiyo.

KABLA HUJAANZA, KUSANYA HAYA

Vya kusukia na kujaribia:
- Chane za miyaa au ukindu, thelathini hivi kwa kila mtoto. Nunua fungu lililokwisha kukauka. Kuchuma na kuanika ni kazi ya siku nyingi.
- Majalada ya madaftari ya zamani, ya kukatia chane za mazoezi.
- Vibanio vya nguo na rula.
- Manjano ya unga, magadi ya kupikia, ndimu mbili, kipande cha sabuni ya mche.
- Kitambaa cheupe cha pamba, robo mita. Marekani inafaa sana. (Waulize watoto kwa nini kitambaa kinaitwa jina la nchi. Kilikuja pwani yetu kwa meli kutoka huko katika karne ya 19, jina likabaki.)

Vya kutengenezea kitabu:
- Karatasi za A4, penseli, ufutio, kalamu ya wino mweusi uliokolea.
- Sindano kubwa na uzi mzito wa pamba. Mwenye shazia ya kushonea mikeka ameula.
- Steshenari yenye mashine ya kopi isiyochafua karatasi. Pita kwanza uangalie kopi zake.

Na watu: fundi mmoja anayeifanya kazi hiyo kweli, na watoto watatu wa miaka 8 hadi 12 ambao angalau mmoja si wako. Wako watakuonea haya au watakuonea huruma. Wa jirani atakwambia ukweli.

HATUA YA 1: Chagua kazi moja tu

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kutaka kitabu kimoja chenye mikeka, vyungu, ngoma, ngalawa na shanga. Kila kazi inapata kurasa mbili, na ndani ya kurasa mbili hakuna mtoto anayejifunza kusuka. Kazi moja, kijitabu kimoja cha kurasa 16. Kikipendwa, tengeneza cha pili.

Chagua kazi yenye vifaa unavyoweza kuvipata ndani ya mwendo wa daladala moja. Usijisumbue sana na swali la kama ni "ya asili kabisa". Mkonge, ambao leo ukiutaja Tanga watu wanaona kama ulizaliwa pale, uliletwa kutoka Florida mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani. Ilisafirishwa miche 1000, iliyofika hai ni 62. Kusokota kamba ya katani bado ni kazi nzuri ya kitabu, na kisa hicho ni nusu ukurasa mtamu.

HATUA YA 2: Kaa na fundi, andika mkono unachofanya

Nenda asubuhi, mpigie shikamoo, peleka sukari na majani ya chai, na mkubaliane mapema utamlipa nini kwa muda wake. Mwulize pia kama anataka jina lake liandikwe kitabuni. Wengine wanataka, wengine hawataki kabisa, na wote wana haki.

Halafu usimwulize "unasukaje?". Atakwambia "unapishanisha tu, mwanangu", na kwake hilo ni jibu kamili. Mwombe asuke, wewe tazama. Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: kushoto andika mkono unachofanya, kulia acha wazi. Mimi daftari langu la siku ya kwanza lilikuwa hivi:

Anatoa chane kwenye kitambaa kibichi, hazitoi kavu.
Anaiparuza chane kwa ukucha wa dole gumba kabla ya kuiingiza.
Chane inayokaribia kuisha haingoji iishe. Anailalia nyingine juu yake.
Anapima ukili kwa kunyosha mikono yote miwili.

Alipopumzika kunywa chai ndipo nikaanza kuuliza kwa nini, mstari kwa mstari, na kujaza upande wa kulia. Mengine alijibu. Mengine alicheka, akasema ndivyo alivyomkuta mama yake. Hayo aliyochekea ndiyo dhahabu yako, maana ndiyo watoto wanaweza kuyachunguza wenyewe.

HATUA YA 3: Kila "kwa nini" igeuze jaribio

Hapa ndipo sayansi inapoingia, na inaingia kupitia mlango wa fundi. Usiandike "Sasa tujifunze kuhusu asidi na besi". Andika swali lililotoka kwenye daftari lako. Kwenye ukili nilipata matatu, na yanatosha kijitabu kizima.

Kwa nini chane hukaa kwenye kitambaa kibichi? Mtoto achukue chane kumi. Tano azilaze ndani ya maji nusu saa, tano aziache kavu. Kila moja aikunje pale pale, huku na huku, ahesabu mikunjo hadi ikatike, aandike kwenye jedwali. Kavu hupasuka mapema; iliyolowa hukunjika mara nyingi zaidi, kwa sababu maji yamelainisha nyuzinyuzi za jani. Kisha mwambie afanye hivyo hivyo kwa chane za karatasi. Hapo atashangaa: karatasi ikilowa ndiyo inachanika upesi. Usimpe maelezo kwanza. Mwache abishane na mwenzake, ndiyo raha ya ukurasa huo.

Rangi inatoka wapi, na kwa nini inapauka? Wasukaji wengi leo hutumia rangi za unga za dukani zinazochemshwa, na hiyo si kazi ya mtoto. Manjano ya jikoni yanatosha. Maelezo kamili yako hatua ya 4. Magome ya mikoko hutoa rangi nzuri ya wekundu wa kahawia, lakini usiliweke kitabuni jaribio linalomtuma mtoto kwenda kubandua mti: mkoko ukibanduliwa gome kuzunguka shina hufa, na kukata mikoko kunahitaji kibali.

Ukili una urefu gani? Shibiri ni toka dole gumba hadi kidole cha mwisho, kiganja kikitanuliwa; dhiraa ni toka kiwiko hadi ncha ya vidole; pima ni mikono miwili iliyonyoshwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, dhiraa nne ni pima moja. Watoto watatu wapime ukili ule ule kwa shibiri zao. Watapata majibu matatu, kila mmoja atajiona yuko sahihi, na wote watakuwa sahihi. Baadaye kila mtoto anyoshe mikono, apimwe pima yake kwa futikamba, kisha apimwe urefu wake toka utosini hadi kisiginoni. Namba mbili hizo hukaribiana sana. Nilipolifanya jaribio hili mara ya kwanza, msichana mmoja alisema basi mwenye mikono mirefu ndiye apelekwe dukani kununua. Sentensi yake nimeiweka kitabuni kama ilivyo.

Ukiwa unafanya kitabu cha ufinyanzi, swali lako liko mtungini: kwa nini maji yake ni baridi? Chombo cha plastiki na chungu kisichopakwa rangi, maji kiasi kile kile, kivulini penye upepo, kwa muda wa saa nne. Maji yanayopenya ukuta wa chungu hukauka kwa nje na kuondoka na joto. Chungu kilichopakwa rangi hakitafanya kitu. Na usijaribu wakati wa masika pwani, hewa imejaa unyevu, tofauti itakuwa ndogo mpaka watoto wakuone mwongo.

HATUA YA 4: Fanya mwenyewe, ukiwa na saa na kijiko

Kila jaribio lifanye mara mbili kabla hujaliandika, upime kila kitu. "Tia manjano kiasi" si kipimo. Hiki ndicho kipimo kilichonifaa:

Kijiko kimoja cha chai cha manjano kwenye nusu kikombe cha maji ya moto (mtu mzima amwage maji). Koroga. Tumbukiza vipande vya marekani vyenye upana wa vidole viwili, viache dakika 15, vikamue, uvianike kivulini juu ya gazeti. Kwenye glasi ya maji baridi tia nusu kijiko cha chai cha magadi, koroga hadi iyeyuke. Kwenye kisahani kamua ndimu.

Vikikauka, mtoto achovye kidole au kijiti cha pamba kwenye maji ya magadi, achore juu ya kitambaa cha njano. Mchoro unatokea mwekundu wa kahawia, pale pale, machoni pake. Kisha achovye ndimu apitishe juu yake. Wekundu unafutika, unjano unarudi. Manjano yana kitu kinachobadilika rangi kinapokutana na besi kama magadi au sabuni, na asidi ya ndimu hukirudisha kilipokuwa. Kwa mtoto wa miaka tisa sentensi hiyo moja inatosha, usiongeze ya pili.

Kipande kimoja kibakize. Weka sarafu juu yake, ukiache juani siku tano, uondoe sarafu. Utaona duara la njano iliyokolea katikati ya njano iliyopauka. Ndiyo sababu manjano hayamfai msukaji anayetaka mkeka wake ukae barazani.

Tahadhari, na iandikwe kitabuni kwa herufi nene: maji ya magadi yakiingia jichoni yanachoma, yaoshwe kwa maji mengi safi mara moja; mikono inawe baada ya kazi; na hakuna kinachoonjwa, hata ndimu. Tahadhari ya pili ni kwa mama. Shati la shule likidondokewa manjano na likafuliwa kwa sabuni, doa linageuka jekundu. Niliwahi kupigiwa simu na mzazi akiuliza mtoto ameumia wapi. Doa hilo lisuuzwe, shati lianikwe juani, jua litalimaliza polepole.

HATUA YA 5: Andika maelekezo ambayo kidole kinaweza kuyatii

Sasa ndiyo kalamu. Kanuni yangu: sentensi moja, tendo moja. Kila baada ya matendo mawili au matatu mwambie mtoto anachopaswa kuona, ili ajue kama yuko njiani au amepotea.

Hivi ndivyo nilivyoandika mara ya kwanza: "Chukua chane tano na uzipishanishe juu na chini kwa zamu hadi upate ukili." Mwalimu mmoja aliisoma akasema imeeleweka vizuri. Watoto watatu walikaa nayo dakika ishirini, wakapata kitu kama kiota cha kunguru.

Hivi ndivyo ilivyo sasa:

a) Bana chane tano kwenye rula kwa vibanio. Zitawanye: mbili zielekee kushoto, tatu kulia.
b) Shika chane ya mwisho upande wa kulia. Ikunje ukingoni ielekee kushoto.
c) Ipitishe JUU ya jirani yake, kisha CHINI ya inayofuata. Iache.
d) Hesabu: sasa kushoto ziko tatu, kulia mbili.
e) Shika chane ya mwisho upande wa kushoto. Ikunje ukingoni ielekee kulia.
f) Ipitishe JUU ya jirani yake, kisha CHINI ya inayofuata. Iache.
g) Hesabu: kulia ziko tatu, kushoto mbili.
h) Vuta taratibu zikae pamoja. Rudi b.

Na chini yake, ndani ya kisanduku: "Umeacha ukaenda kunywa maji, umesahau ulipofika? Hesabu. Upande wenye chane tatu ndio wenye zamu."

Kisanduku hicho kidogo kimeokoa vilio vingi kuliko kitu kingine chochote nilichokiandika. Watoto hawasuki mfululizo kama mtu mzima. Wanaitwa dukani, wanagombana, wanarudi. Kila kazi ina alama ya namna hiyo ya kujua ulipofika. Itafute, kama huioni mwulize fundi wako, yeye anaitumia bila kufikiri.

Usizipe chane namba. Niliziandika 1 hadi 5, ikawa balaa: chane ya 5 ikishahamia katikati, mtoto anaposoma "shika ya 5" anakwenda kutafuta ya mwisho kulia, na namba inasema nyingine. Taja mahali, usitaje chane. Ukitaka wazifuatilie, paka moja rangi, uwaambie waitazame inavyotembea kutoka ukingo hadi ukingo. Ukili wa mkeka wa mtu mzima una chane nyingi zaidi ya hizi, ila kwa vidole vya mara ya kwanza tano zinatosha.

Kuunga: chane ikibaki urefu wa kidole, nyingine ilazwe juu yake, zisukwe pamoja kama moja kwa mapito matatu au manne. Mikia itakatwa mwishoni. Asikate mapema, itafumuka.

HATUA YA 6: Chora kutoka upande wa anayesuka

Hili lilinigharimu. Kitabu changu cha kwanza nilichora nikiwa nimekaa mbele ya fundi, nikimtazama. Michoro ilikuwa mizuri, nikaisifu mwenyewe, nikatoa kopi arobaini. Siku ya kuvitumia, watoto wote waliofuata picha walisuka kinyume na waliofuata maneno, na aliyefuata vyote viwili aliweka kichwa mezani. Kulia kwa fundi kulikuwa kushoto kwangu. Kopi arobaini zikawa za kufungia karanga.

Basi kaa nyuma ya bega lake, au mwombe mtu akupige picha mikono yako kutoka juu ukiwa unasuka, uchore kwa kufuatisha picha hiyo. Chora mikono miwili tu na chane, hakuna uso, hakuna kanga yenye maua, hakuna mnazi nyuma. Chane inayotembea ijaze weusi, nyingine ziache nyeupe. Mshale mmoja kwa kila mchoro. Penseli peke yake haitoki kwenye kopi, pitia kila mstari kwa wino.

Picha za kuokota mtandaoni ziache. Zina wenyewe, na tena nyingi zimepigwa kwa upande ule ule ulionitia hasara mimi.

HATUA YA 7: Panga kurasa 16

Karatasi nne za A4, zikikunjwa katikati, zinatoa kurasa 16 za nusu A4. Kabla ya lolote, kunja karatasi nne tupu, andika namba 1 hadi 16 kwa penseli, kisha zifungue. Utaona namba zinazokaa pamoja:

Karatasi ya kwanza: mbele 16 na 1, nyuma 2 na 15.
Ya pili: mbele 14 na 3, nyuma 4 na 13.
Ya tatu: mbele 12 na 5, nyuma 6 na 11.
Ya nne: mbele 10 na 7, nyuma 8 na 9.

Kila jozi ikijumlishwa ni 17. Isipokuwa 17, umekosea.

Kurasa 8 na 9 ziko kwenye karatasi moja bila mkato, kwa hiyo mchoro mkubwa wa kusuka ndio pahala pake. Kitabu hukaa wazi hapo chenyewe, mtoto hahitaji mkono wa tatu wa kukizuia. Mengine nimeyapanga hivi: vifaa na tahadhari ukurasa wa 2, swali la kulowesha 3 hadi 5, kusuka 6 hadi 10, manjano 11 na 12, vipimo 13, ukurasa wa 14 mtupu wenye kichwa "Muulize bibi au babu maswali haya matatu", 15 "Imekataa? Soma hapa". Historia yote ya mikeka iko kwenye jalada la nyuma, mistari sita.

Acha sentimita moja na nusu kila ukingo, mashine za kopi hula pembeni. Herufi ziwe kubwa. Na majedwali yawe na visanduku ambavyo penseli ya mtoto inaenea. Kila mara tunachora visanduku kwa mkono wetu wa utu uzima.

HATUA YA 8: Wape watoto, kisha nyamaza

Toa kopi tatu tu. Wape watoto watatu, weka vifaa mezani, kaa pembeni na penseli. Mtoto akiuliza, jibu: "Kitabu kinasemaje?" Hakuna zaidi. Ni kazi ngumu kuliko kuandika, vidole vyako vitawasha kutaka kumsaidia. Kila anapokwama, weka alama kwenye kopi yako mstari ule aliokwamia. Watatu wakikwama pahala pamoja, kosa ni la kitabu. Akikwama mmoja, mtazame: huenda anatumia mkono wa kushoto. Kwa huyo aanzie kushoto, hatua za e na f zitangulie na chane tatu zianze upande wake. Nimeiandika hiyo ukurasa wa 6.

Rekebisha, kisha wape watoto wengine, maana wale wa kwanza wameshajua.

HATUA YA 9: Kopi na kushona

Mwambie wa steshenari atoe kopi pande mbili, na ageuze kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu ukurasa wa nyuma utasimama kichwa chini. Toa seti moja kwanza, ikunje, ifungue ukurasa kwa ukurasa hapo hapo kaunta, ndipo aendelee na zilizobaki.

Kushona ni matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Ingiza sindano kutoka ndani kupitia tundu la katikati kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani hadi tundu la chini, toka nje, rudi ndani kwa tundu la katikati. Ncha mbili za uzi zikutane ndani, moja kila upande wa ule uzi mrefu, fundo lifungwe juu yake. Pini za stepla zinashika kutu pwani ndani ya msimu mmoja, uzi unadumu. Na watoto wanapenda kushona kitabu chao wenyewe, nami sikatai msaada.

Kwa matumizi ya nyumbani au darasani kwako umemaliza. Ukitaka kukiuza, namba ya ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kitabu cha kutumika shuleni kinapitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Kenya, kitabu cha shule kinapitia KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala. Nenda na nakala iliyokwisha kujaribiwa.

IMEKATAA? ANGALIA HAPA

Chane zinapasuka hata zikilowa. Ni nene mno au zimekaa muda mrefu juani. Zichane nyembamba zaidi, ziparuze kwa kitu butu, uzifunge kwenye kitambaa kibichi saa moja.

Ukili ulikuwa umebana, umekauka una matundu. Zilisukwa zikiwa zimelowa chapachapa. Jani lililojaa maji huvimba, likikauka linasinyaa. Zinatakiwa ziwe mbichi kwa mguso tu. Na zisilale majini siku mbili, zitaota ukungu.

Ukili unapinda kama ndizi. Mtoto anavuta upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine. Avute pande zote mbili kwa pamoja kila baada ya mapito mawili.

Maji ya magadi hayageuzi rangi. Ama magadi ni kidogo, ama kitambaa ni cha nailoni na hakikushika manjano tangu mwanzo, ama manjano yenyewe yamechanganywa na unga mwingine. Jaribu kwa sabuni ya mche iliyolowa; ikigeuka, tatizo lilikuwa magadi. Isipogeuka, badilisha manjano.

Mtoto amemaliza kitabu kizima kwa saa moja. Amesoma, hajafanya. Mwombe akuonyeshe jedwali la mikunjo.

Fundi wangu anasema watoto wanakosea. Msikilize, lakini mwulize kosa liko wapi. Wangu alikuwa akilalamikia chane tano, akisema huo si ukili bali ni shupatu la kuchezea. Tulikubaliana ukurasa wa 10 uwe wake: hapo mtoto anaongeza chane mbili, ziwe saba, kwa kanuni ile ile ya juu, chini, juu. Upande wenye nne ndio wenye zamu.

Niko mbali, miyaa sipati. Utepe wa karatasi wa kufungia zawadi, upana wa kidole, unasukika vizuri, na jaribio la kulowesha litakuwa na jibu tofauti, liandike hivyo hivyo. Walioko Oman hawana shida hiyo: huko majani ya mtende yanasukwa mikanda na kushonwa kwa namna inayofanana sana na yetu, na wazee wanaojua bado wapo. Mpeleke mtoto na ukili wake wa chane tano, amwonyeshe mzee wa pale, amwombe amwonyeshe wa kwao. Ukurasa wa 14 ndiyo kazi yake.